Imani au matendo: ubishi wa chini ya mwembe, Malindi

Kila Jumapili tukitoka ibadani, chai ya mkandaa mkononi, ubishi ni uleule: kipi kizito, imani au matendo? Mmoja hushika maneno ya Paulo, Waefeso 2:8-9, tumeokolewa kwa neema. Mwingine humrushia Yakobo 2:17, imani bila matendo imekufa.

Kwa gharama, imani inashinda. Yule mhalifu msalabani aliahidiwa peponi bila kutoa hata sadaka. Matendo yana bei: juzi muuza mahamri wa mtaani kwetu alimpimia mjane kilo mbili za unga kutoka gunia lake mwenyewe, na kesho yake karai likatoka nusu.

Uthabiti? Kusi ikivuma na mashua zikalala ufukweni, mfuko hukauka na ukarimu hupungua. Imani haingoji samaki. Ila mwenye njaa hashibi “Mungu akubariki”.

Utunzaji ni mgumu pande zote mbili: imani hupoa, matendo huvimbisha kichwa (mimi ni shahidi).

Walutheri na Wakatoliki, waliovutana tangu karne ya 16, walitia saini tamko la pamoja Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: tunakubaliwa kwa neema, na matendo mema ni matunda yake.

Kama usiku hulali ukihesabu mema yako, anza na Paulo. Kama unakesha ukiomba na jirani humjui jina, fungua Yakobo.

Nilipomuuliza muuza mahamri yuko upande gani, alisema nimsogezee karai.