Wimbo wa bure: Bandcamp au Spotify?

Msanii anayejitegemea akitaka wimbo upakuliwe bure, Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, inamfaa: pandisha faili la sauti la WAV au FLAC, weka bei ya chini 0, anayependa ataongeza chochote. Mauzo hukatwa 15%. Upakuaji wa bure ni mara 200 kwa mwezi. Zikiisha, unanunua nyingine. Pesa za mauzo huja kwa PayPal, huduma ya malipo mtandaoni, hivyo hakikisha akaunti yako inapokea pesa, si kulipa tu.

Spotify ina wasikilizaji wengi zaidi, ila tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Wasambazaji wengi, yaani kampuni zinazokupelekea wimbo Spotify, pia hutoza ada ya mwaka.

Kuhusu aina ya muziki, msambazaji anakupa orodha. Taarabu isipokuwemo, unaishia "muziki wa dunia", kapu lisilomwambia msikilizaji lolote. Bandcamp unaongeza lebo zako za aina ya muziki: taarabu, kidumbaki. Mwenye mashabiki wachache waaminifu aanzie huko; anayesaka masikio mapya, Spotify.