Ferumoksitoli kama alama ya seli za ini: inafaa kwa siku za mwanzo tu

Ferumoksitoli, inayouzwa kwa jina la Feraheme, ni dawa ya chembechembe ndogo sana za chuma, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Hapa ninaitathmini kwa kazi ambayo haikuidhinishiwa, yaani kutia alama seli za ini kabla ya kupandikizwa ili zifuatiliwe kwa MRI, yaani picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku. Maabara nyingi ziliigeukia kwa kukosa jingine, kwa kuwa Feridex, dawa nyingine ya chuma iliyoundwa mahususi kwa picha za ini, iliondolewa sokoni.

Upatikanaji wake ndio sifa yake ya kwanza. Chupa ya mililita 17 ina miligramu 510 za chuma, kiasi kinachotosha majaribio mengi. Hata hivyo, chembechembe zake zimevikwa ganda la wanga ili zidumu kwenye damu bila kumezwa haraka, kwa hiyo ukizimimina peke yake juu ya seli, ni chache tu zitakazoingia. Suluhisho lililochapishwa mwaka 2012 ni kuichanganya na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na protamini (dawa inayobatilisha heparini): chaji zinazopingana huvutana, hujikusanya kuwa vifurushi vidogo, na seli huvimeza. Dawa zote tatu hupatikana hospitalini, jambo linalorahisisha maombi ya kibali. Tahadhari ni kwamba njia hiyo ilithibitishwa kwa seli za shina na za kinga. Seli za ini zilizohifadhiwa kwa kugandishwa, kisha zikayeyushwa, ni dhaifu zaidi, na kila saa ya ziada ya kuziloweka huzipunguzia uhai.

Katika kuonyesha mahali, teknolojia hii haina mpinzani wa karibu. Mwaka 2005 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, wakitumia chembechembe za chuma za aina hii, waliona kwamba katika wagonjwa wanne kati ya wanane wa saratani ya ngozi, seli za kinga zilikuwa zimedungwa nje ya tezi ya limfu iliyolengwa, ingawa sindano iliongozwa kwa ultrasaundi. Bila MRI, nani angejua?

Udhaifu wake mkubwa unatokana na ini lenyewe. Chuma huonekana kama doa jeusi, lakini ini lina chuma chake, na mishipa yake ya damu nayo huweza kuonekana myeusi. Baya zaidi, sehemu kubwa ya seli zinazoingizwa kupitia mshipa wa lango, unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, hufa mapema, kisha seli za Kupffer, ambazo ndizo wafagizi wa ini, humeza mabaki pamoja na alama yake. Doa hubaki palepale, nawe unahesabu maiti ukidhani ni wakazi. Msichana wa miaka 10 mwenye ugonjwa wa Crigler-Najjar (wa kurithi, ambapo ini hushindwa kuchakata bilirubini, taka ya rangi ya njano itokanayo na damu), aliyepewa seli bilioni 7.5 Marekani katika tiba iliyoripotiwa mwaka 1998, alifuatiliwa kwa vipimo vya bilirubini, na kwa swali la uhai vipimo vya namna hiyo bado vinaishinda picha yoyote ya chuma.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Anayetaka kujua kama seli zilifika na zimetawanyika vipi aitumie bila wasiwasi. Anayefuatilia kwa wiki kadhaa aambatanishe vipande vya tishu vilivyotiwa rangi ya buluu ya Prussia, inayoonyesha chuma, na kingamwili za albumini ya binadamu, zinazoonyesha seli za ini zilizopandikizwa, au achague alama ya florini, ambayo haigombani na chuma cha ini.