Laptopu za ex-UK kwa timu ya programu: tazama Enter kabla ya kuuliza RAM

Malalamiko ninayoletewa na viongozi wa timu ndogo za programu yamekuwa ya aina moja. Wamekubaliana terminali moja (dirisha la kuandikia amri) na kihariri kimoja (programu ya kuandikia msimbo), tmux na Neovim kwa wengine, VS Code kwa wengine, na mipangilio yote iko kwenye Git, hifadhi ya pamoja ya faili, ili mgeni aishushe na kuanza kazi siku hiyohiyo. Halafu ofisi inanunua Moi Avenue, Nairobi, laptopu tano za ex-UK, yaani mitumba inayosemwa imetoka Uingereza, na wawili kati ya watano wanabaki nyuma. Wakitaka | wanapata alama nyingine. Terminali ya VS Code haifunguki kwa vitufe wanavyotumia wenzao. Faili za mipangilio zinapekuliwa mstari kwa mstari, na hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye kibodi.

Prosesa na diski kila muuzaji atakuimbia, kwa hiyo nazipita haraka: Intel kizazi cha nane kwenda juu, maana vizazi vya chini yake karibu vyote havikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. RAM, GB 16. Basi.

Sasa kibodi. Mashine nyingi tunazouziwa kama ex-UK zimetoka kweli ofisi za Uingereza, na kibodi ya huko. Shift ya kushoto ni fupi, na kati yake na Z kuna kitufe cha ziada chenye \ na |. Enter imesimama wima, ubavuni mwake ziko # na ~. Alama za @ na " zimebadilishana nafasi. Kwenye kibodi ya Kimarekani Shift ni ndefu, Enter imelala, \ na | ziko juu ya Enter, na ` na ~ zinakaa pamoja kona ya juu kushoto. Njia za mkato za programu hizi nyingi zilipangwa kwa kufuata hiyo ya Kimarekani. Tazama alama zilizohama: ~ ndiyo folda yako ya nyumbani kwenye terminali, na | ndiyo inayounganisha amri. Ni zilezile ambazo mtu wa kazi hii anazibonyeza kutwa nzima.

Unaweza kuiambia kompyuta ijichukulie kuwa ya Kimarekani, na itatii. Lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe yatakuwa ya uongo, na kidole kidogo kitaendelea kugonga kile kitufe cha ziada kikitafuta Shift. Hakuna faili ya mipangilio inayoweza kurefusha Shift. Na mwenzako akija kukaa kwenye mashine yako mtatue hitilafu pamoja, anaanza kusoma kibodi upya.

Namba moja kwangu ni ThinkPad T480 ya 2018, na nitaitetea popote. Ina nafasi mbili za RAM, na betri mbili, moja ya kuchomoa kwa mkono. Lakini sababu yangu kubwa ni hii: kibodi yake hutolewa bila fundi kuivua mashine nzima, na ya Kimarekani inaingia palepale ilipotoka ya Uingereza. Ukiwa na T480 tano za mchanganyiko, unaweza kuzifanya zote kuwa sawa. Ila kona ya chini kushoto kuna Fn, na Ctrl imesukumwa ndani. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), sehemu ya kibodi, uzibadilishane, na ufanye hivyo kwa kila mashine siku ya kwanza. Ukitaka mpya zaidi, T14 ya 2020 ni nzuri, ingawa sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi.

Ya pili ni Dell Latitude 7490. Ctrl iko konani tayari, na vitufe vinabonyezeka vizuri. Kubadilisha kibodi, hata hivyo, kunamlazimu fundi atoe mpaka bodi mama. Inunue ikiwa tayari ni ya Kimarekani, la sivyo iache.

MacBook Air ya M1 ni ya tatu, kwa timu yenye pesa na iliyo tayari kuhamia Mac yote kwa pamoja. Ya Uingereza inakudai Option na 3 ili upate #, alama inayoanzisha kila maelezo (comment) kwenye lugha ya programu ya Python, na kibodi imeunganishwa na kiwiliwili, haitolewi peke yake. MacBook Pro za Touch Bar za 2016 hadi 2018 msiziguse: hazina kitufe halisi cha Esc, na mtu wa Vim, ndugu ya Neovim, anaishi kwa Esc.

HP EliteBook 840 G5 inafuata. Mishale yake ya juu na chini imebanwa ikawa nusu nusu.

Chromebook za shule na laptopu za kizazi cha sita? Hapana.

Linaloniudhi ni wauzaji. Wanajua tofauti hii vizuri, ndiyo maana nimeona kibodi za Kijerumani zilizobandikwa stika za Kimarekani, Z na Y zikifichwa chini ya plastiki inayobanduka baada ya muda mfupi. Bei ya yenye kibodi ya Uingereza na ya Kimarekani ni ileile, kisha ukilalamika unatozwa tena kubadilishiwa. Ukitamka kwamba unanunulia kampuni, bei inapanda papo hapo. Na warranti wanayokuahidi, uliza kama inagusa kibodi; mara nyingi wanaanza kutazama pembeni.

Kwa hiyo usilipe M-Pesa kwa picha ya mtandaoni inayoonyesha kioo tu. Omba picha ya kibodi ya kila mashine, si ya moja kwa niaba ya tano. Ukifika dukani, fungua kihariri ubonyeze kila kitufe, kisha waandike "kibodi ya Kimarekani" kwenye risiti, mashine kwa mashine, pamoja na namba yake ya kiwandani (serial number).