Usuluhishi wa migogoro ya ujenzi: kwa hesabu unafaa, kwa nguzo iliyopinda hapana

Tuanze na neno lenyewe, maana limeponza wengi. Tanzania Bara, "usuluhishi" ni huduma mbili. Kwenye Sheria ya Usuluhishi ya 2020 na mikataba mingi ya ujenzi, msuluhishi husikiliza pande zote, akaandika tuzo, yaani uamuzi wake, ikawafunga mpende msipende. Kwenye Kituo cha Usuluhishi cha Mahakama Kuu, mnakaa na mtu asiyeamua chochote. Kazi yake ni kuwasaidia mkubaliane wenyewe. Hapa tunapima hii ya pili. Kabla ya kusaini mkataba, soma kipengele cha migogoro ujue kimeandika ipi.

Ukifungua kesi ya madai, utapelekwa kwenye usuluhishi wa aina hii hata kama hukuomba. Ndivyo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inavyotaka. Siku saba kabla ya kikao, kila upande unawasilisha maelezo ya hoja zinazobishaniwa pamoja na nyaraka zake muhimu. Muda ni siku 30 tangu kikao cha kwanza. Mdai asipofika bila sababu, shauri linaweza kufutwa; mdaiwa naye anaweza kuondolewa utetezi. Kwa kasi, hatuna lawama. Ila siku 30 hazimtoshi mtu anayekuja na hesabu ya mwisho ya malipo ya mradi ambayo haijapimwa, na wengi huja hivyo.

Hapo ndipo vikao vingi vinapovunjikia. Mkandarasi anabeba boksi la barua, mwenye jengo anabeba hasira, na hakuna aliyeleta jedwali. Waiteni wakadiriaji majenzi wa pande zote mbili, wapime pamoja saiti, kisha waandike kila kipengele kwenye mstari wake: kiasi cha BOQ (orodha ya kazi na bei iliyo kwenye mkataba), anachodai mkandarasi, anachokubali mwenye jengo, na sababu ya tofauti.

Chukua mfano wa ukuta wa tofali. Mkandarasi anadai mita za mraba 512, upande wa pili unakubali 448. Tofauti ni 64, na kwa bei ya Sh 28,000 kwa mita ya mraba hiyo ni Sh 1,792,000. Wakipima pamoja wanakuta 41 ni nafasi za milango na madirisha ambazo hazikutolewa kwenye hesabu. Zinakatwa, hakuna wa kubisha. Zilizobaki 23 ni ukuta ulioongezwa kwa maagizo ya mdomo. Ugomvi umeshuka hadi Sh 644,000, na swali limebaki moja: nani aliagiza? Swali la namna hiyo msuluhishi mzuri analimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hesabu ya mwisho, fedha za retensheni (sehemu ya malipo anayoshikilia mwenye jengo kama dhamana) na malipo yaliyochelewa, tunaipa huduma hii nyota nne kati ya tano.

Kwa zege bovu tunaipa moja. Nguzo ikipinda au slabu ikipasuka, watu wawili kukubaliana bei hakuongezi uimara wake hata chembe. Kata sampuli za zege kwenye jengo lenyewe, zivunjwe maabara, mhandisi asiye wa upande wowote aandike ripoti ambayo gharama yake mmegawana. Baada ya hapo rudini mezani mzungumze nani analipia ukarabati.

Miradi ya serikali ina tatizo lake. Anayekuja mara nyingi ni ofisa asiye na idhini ya kukubali hata shilingi. Anasikiliza, anaandika, anaondoka "kwenda kushauriana". Ulizeni mapema, kwa barua, nani ana mamlaka ya kukubali, na siku ya kikao awe anapatikana kwa simu muda wote.

Kwenye mikataba ya FIDIC, ile mikataba ya mfano ya kimataifa ya ujenzi, kuna mtego mwingine. Taarifa ya dai hutakiwa ndani ya siku 28 tangu ulipojua tukio. Kuwa kwenye mazungumzo hakusimamishi siku hizo, kwa hiyo barua ziendelee kwenda hata kama jana mlipeana mikono. Yanayosemwa kikaoni ni siri na hayatumiki baadaye kama ushahidi, basi usitegemee kwamba "alikiri mbele ya msuluhishi".

Mkikubaliana, msitoke na karatasi inayosema "mdaiwa atalipa kiasi kilichobaki". Iandike kiasi kwa tarakimu na maneno, ni pamoja na VAT au bila, kodi ya zuio inakatwa na nani, tarehe ya kila awamu, akaunti gani, retensheni inaachiwa lini, na nyufa zinazojitokeza kabla ya kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro) kuisha zinazibwa na nani. Kisha makubaliano yasajiliwe mahakamani, ili mdaiwa akiruka awamu ya pili uende moja kwa moja kukaza hukumu, yaani kuomba mahakama iitekeleze, badala ya kufungua kesi upya.