Eti jicho langu ndilo bovu!

Darubini hii niliinunua miezi michache iliyopita, nikaifunga kwenye bunduki yangu ya hewa, na kwa wiki nzima nikajiona sijui kulenga. Yadi 10 tu, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, na bado matundu kwenye karatasi yanatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nikakaza skurubu. Nikabadilisha risasi. Wapi!

Nikarudi kwa muuzaji. Hakuishika hata kuitazama. "Kaka, darubini haina shida, jicho lako hilo. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akacheka, na mteja aliyesimama nyuma yangu naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kinachoniandikisha haya.

Usiku ule, kwa hasira, niliibana bunduki isitikisike, nikaweka msalaba wa kulengea, ule unaoonekana ndani ya darubini, katikati ya shabaha, kisha nikasogeza kichwa tu bila kugusa kitu. Msalaba ukatambaa! Kichwa kushoto, nao huo unahama. Kulia, huo tena. Bunduki haijasogea hata unywele. Kumbe ndiyo paralaksi: ndani ya darubini, taswira ya shabaha haikuangukia pale msalaba ulipo, basi jicho likihama kidogo viwili hivyo vinaachana. Yangu imewekwa kiwandani viwili hivyo vikutane kwa yadi 100, kama nyingi za bunduki kubwa, na haina pete ya kurekebisha. Lenzi ya mbele ni milimita 40. Nikapiga hesabu: kwa yadi 10, jicho likikaa pembeni kabisa, kosa linafika milimita 18 hivi, upande wowote. Miduara yote ya shabaha ya mashindano ya bunduki ya hewa ya mita 10 ina upana wa milimita 45.5!

Na nilimwambia ni ya bunduki ya hewa. Nilimwambia! Angesema tu, "Chukua ile yenye pete ya mbele," tungeachana kwa amani.

Haya, haki yake nayo nimpe. Tangu nianze kulaza shavu palepale kwenye kitako, na kungoja kiza cha pembeni kizunguke sawasawa pande zote kabla ya kufyatua, matundu yanakaribiana. Nimekata pia kifuniko cha karatasi ngumu chenye tundu dogo katikati, nikakivika lenzi ya mbele. Picha imefifia, ila msalaba umetulia. Kwa hiyo nusu ya kosa ilikuwa yangu? Huenda. Kwa yadi 100 sina neno nayo, imetulia kama maji mtungini. Nilishaanza kuandika nyota tatu.

Lakini nikivua kile kifuniko, shabaha ya yadi 10 inarudia ukungu wake, na nikizungusha lenzi ya jicho kinachoonekana wazi ni msalaba peke yake. Basi mbili.

Hapana, moja. Nimemkumbuka akicheka.