Ratiba ya treni: ya kila saa au ya kufuata abiria?
Huu ubishi hauishi. Uswisi tangu 1982 treni zinaondoka dakika zilezile kila saa, ukishakariri moja umemaliza, na utamu wenyewe uko kwenye kuunganisha, maana kati ya miji ya Zürich na Bern walifungua njia mpya 2004 safari ikashuka chini ya saa moja, ili treni zikutane stesheni karibu na saa kamili na wewe ubadilishe bila kukaa sana. Mi hapo napapenda kweli. Ila gharama ipo, saa za mchana viti vingi vinatembea vitupu, na moja ikichelewa inavuruga zingine. TGV, treni za kasi za Ufaransa, zinafuata zaidi abiria walipo, zinajaa vizuri, lakini ukiikosa yako unaweza kusubiri mpaka uchoke. Kama safari yako ina kubadilisha treni mbili tatu, ya Uswisi itakufaa, ila kama ni jiji hadi jiji moja kwa moja na tiketi umekata mapema, ya Ufaransa inatosha.