TAHADHARI: Kuna tapeli anauza "seti kamili" za kunyanyua Subaru Forester, msome kabla hamjatuma hela

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira ila nitajitahidi nieleweke, maana hapa mtu hataumia mfukoni tu, anaweza kuumia kweli barabarani.

Wenye Forester za zamani, SG5 na zile SF5 za nyuma yake, mnajua watu wengi sasa hivi wanataka kuzinyanyua, na sio sifa. Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero kule Ziwa Natron unaijua ile njia, mawe, makorongo, mchanga, na Forester ikiwa kama ilivyotoka Japani ina kama sentimita 20 tu kutoka ardhini. Gari inavuta tairi zote nne muda wote, injini ipo, inachokosa ni urefu na tairi za maana. Sasa huyu jamaa hapo ndipo anapowategea watu.

Anatangaza mtandaoni seti kamili: spesa za juu ya shokapu mbele na nyuma (vile vipande vinavyowekwa kati ya shokapu na bodi ili gari inyanyuke), rimu nne na tairi nne za A/T (za lami na njia mbovu), zote kwa milioni moja na laki mbili. Anasema ziko Dar, mikoani anatuma kwa basi. Picha zake kali sana, Forester imesimama kwenye vumbi jekundu, usukani kulia kama zetu, unaona kabisa hii ni ya hapa hapa. Baadaye nikazitafuta zile picha kwa Google Lens, ni za Australia, kafuta pleti namba tu. Jina la ukurasa halina maana kuliweka hapa kwa sababu keshalibadilisha, saa hizi yupo kwa jina lingine na picha zile zile, kwa hiyo shikeni dalili zake sio jina.

Nikalipa, mzigo ukaja, nikaupeleka kwa fundi wangu. Akatoa rimu moja aivike kwenye habu, pale katikati rimu inapokaa, haiingii. Nikampigia muuzaji, akajibu bila wasiwasi, "gongeni kidogo na nyundo, itaingia tu hiyo." Fundi akachukua kipimo akapima tundu la katikati: milimita 54.1. Habu ya Subaru ni 56.1. Hizo ni rimu za Toyota, za Wish au Allion, kazipaka rangi nyeusi. Ndio, zina matundu matano na kipimo chake ni 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100) sawa na Forester yetu, ndio maana kwenye picha huwezi kugundua kitu, ila katikati ni ndogo kwa milimita mbili na hakuna nyundo ya kuziongeza hizo milimita. Na nati alizoziweka kwenye mfuko nazo ni za Toyota, meno yake yameachana milimita 1.5 wakati stadi za Subaru, zile bolti za kwenye habu, ni 1.25. Nati inaingia mzunguko mmoja na nusu hivi halafu inagoma. Ukipata kijana wa gereji mwenye haraka akaikaza kwa mashine anakuulia stadi zote, au inashika nusu nusu unaondoka nayo, mbele ya safari tairi linachomoka.

Spesa sasa. Mimi hizi ndizo zilizoniuma zaidi. Zimepigwa rangi nyekundu inang'aa, ukishika zina uzito wa kuridhisha. Fundi akakwangua pembeni na bisibisi, chini ya rangi ni alumini ya kuyeyusha vyuma chakavu, imejaa matundu kama mkate wa kumimina. Bolti zake hazina alama yoyote kichwani, na bolti ya kazi kama hii lazima iandikwe 8.8 au 10.9, ndio daraja la uimara wake. Tukaibana moja kwenye vaisi, tukaikaza bolti kwa nguvu ya kawaida tu, ikapasuka kuanzia kwenye tundu hadi ukingoni. Fundi akaniangalia akasema, "Kaka hii siifungi, hata ukinilipa mara mbili." Jamani ile ndio inabeba shokapu la mbele, na shokapu la mbele la Subaru ndio linashika tairi linapokata kona. Ikipasuka ukiwa mteremkoni na familia ndani sijui utafanya nini.

Halafu alikuwa ananishawishi nichukue za inchi 4, spesa tupu bila kitu kingine. Mtu akikwambia hivyo kwa Forester mkimbie. Spesa peke yake mwisho ni kama inchi 2, na hapo lazima uende wili alaimenti. Ukizidisha inabidi ushushe na sabfremu, ile fremu ndogo ya chini, la sivyo ekseli zinakaa kwa pembe mbaya, buti zinachanika, sivi joint, zile jointi za ekseli, zinaanza kulia, tairi za nyuma zinakaa upande zinalika.

Tairi nazo msizichukulie poa. Kwa mbali mpya kabisa, zimepakwa dawa ya kung'arisha. Nikatafuta ile namba ya DOT ya tarehe ya kutengenezwa tairi, zile tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Hakuna. Ukipitisha kidole pale inapotakiwa kuwa ni laini, wameisaga. Na mifereji imechongwa upya kwa kisu cha moto, kwenye moja unaona mpaka nyuzi za ndani. Kama haitoshi mbili ni 215/75R15 na mbili ni 215/70R15. Kwenye gari ya kuvuta mbele tu ungesema potelea mbali, ila kwenye Subaru hizo zinapishana mzingo karibu sentimita 7, wakati kinachovumilika ni kama milimita 6 tu. Gia boksi inakuwa inapigana na yenyewe muda wote, ukikata usukani hadi mwisho kwenye lami gari inajivuta kama umeshika breki, ukiendelea hivyo klachi ya kugawa nguvu mbele na nyuma inaungua. Hela ya kutengeneza hapo ni kubwa kuliko hiyo seti nzima.

Nilipomtumia video ya ile spesa inapasuka akanibloku hapo hapo.

Dalili zake: anataka hela yote kabla, lipa namba inaleta jina la mtu tofauti kabisa na la duka, risiti ya EFD hana, anakutumia ya kuandika kwa mkono isiyo na TIN, na ukimwomba apige video mubashara akuonyeshe DOT na kipimo cha tundu la rimu anasema yuko bandarini anatoa mzigo. Kwangu alisema bandarini, kwa jamaa yangu wa Moshi alisema hivyo hivyo, bahati nzuri huyo hakutuma hela.

Kama unataka kununua kwa mtu yeyote, sio huyu tu, mwambie apime tundu la katikati mbele ya kamera, isome 56.1, aonyeshe kichwa cha bolti na DOT za tairi zote nne, na kama uko mkoani tafuta ndugu au rafiki Dar aende na fundi aone ndio ulipe. Muuzaji wa kweli hakatai.

Mimi nimeshafungua RB polisi na ule ujumbe wake wa kudai hela nimeutuma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, pamoja na namba yake. Spesa iliyopasuka na rimu ninazo, siuzi wala situpi. Kama na wewe ulituma hela kwa mtu wa "seti kamili" mwenye picha hizo za vumbi jekundu, nenda kituo cha polisi ulipo ufungue RB yako, tunza meseji na voisi zake, usifute kitu, halafu nitafute inbox tuunganishe hizi kesi.